Kuku Anaatamia, Baba Anataka Mayai: Nani Aamue?

Mpenzi msomaji, mwezi huu tuyaweke pembeni mambo ya simu zenye namba ya siri na maneno ya mawifi, tutoke nje, tuingie uani. Ndiyo, uani, kwenye banda la kuku. Usicheke. Nyumba nyingi za vijana walioajiriwa siku hizi zina kabanda kenye kuku watano, sita, wengine kumi, na kama humo ndani yumo mtetea wa kienyeji, basi iko siku atagoma. Atakaa kiotani asubuhi mpaka jioni, atajitutumua manyoya, atatoa sauti nzito ya "kwoo, kwoo, kwoo", na ukipeleka mkono atakudonoa mpaka ujiulize kama ni yule yule uliyekuwa unamlisha mtama kiganjani. Tangu siku hiyo mayai yamekwisha. Ya chai ya asubuhi, ya chipsi, ya keki ya Jumapili, yote.

Na hapo ndipo ugomvi unapoanzia ndani ya nyumba.

Haya nayaandika kutokea Tukuyu, wilayani Rungwe, kata ya Bagamoyo. Tafadhali usichanganye: Bagamoyo hii haina bahari wala magofu, kama vile Msasani yetu ya hapa hapa Tukuyu isivyo na ufukwe. Tupo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, migomba imeizunguka nyumba mpaka inagonga dirisha, na ikifika Juni ukungu unashuka kutoka Mlima Rungwe, watu wanatembea na makoti saa saba mchana. Walimu, manesi, watu wa halmashauri, vijana wa benki na wa viwanda vya chai, wengi wamepanga au wamejenga nyumba zenye kiwanja nyuma. Na huko nyuma yupo kuku, inguku kama wanavyomwita wenyeji, anayechakura chini ya migomba bila kujua kwamba yeye ndiye chanzo cha watu wawili kutosemeshana.

YAI LA SIKU YA 16

Wanandoa ninaowajua, ambao kwa ombi lao nitawaita Baba na Mama tu, wana miaka minne ya ndoa. Mama anafundisha sekondari, Baba ni mhasibu. Walianza na mitetea watatu na jogoo mmoja waliopewa na mama mzaa chema, wakafika tisa. Mmoja wao, mweusi mwenye shingo tupu, akalala kwenye mayai 11 ndani ya stoo ya kuni. Mama aliyaandika kwa penseli, akaweka tarehe kwenye kalenda ya ukutani, ndogo kwenye kona, kama anayeandika siri.

Jumamosi moja kaka yake Baba akaja kutoka Mbeya mjini. Unajua mambo ya shemeji mkubwa: huwezi kumpa chai na mkate mtupu. Mama alikuwa gulioni. Baba akavaa koti la mikono mirefu, akaingia stoo, akapambana na kuku, akatoka na mayai manne. La kwanza akalipasulia kwenye kikaango.

Siku ya 16, mpenzi msomaji, kifaranga ana kucha, ana manyoya, na anatikisika.

Hakuna aliyekula. Baba aliyarudisha matatu yaliyobaki kiotani haraka haraka, akamwaga kila kitu kwenye shimo la taka, akaosha kikaango mara tatu. Lakini harufu ya mafuta yaliyoungua haifichiki, na shemeji hakuweza kunyamaza. Mama aliporudi aliuliza swali moja tu, "Baba nanihii, yule kuku umemfanya nini?" Naye Baba, badala ya kusema samahani, akajibu kwa utani, "Kwani mke wangu, siku hizi tunafuga kuku wa mapambo?"

Siku tatu nyumba ile ilizungumza kwa maneno mawili mawili. "Chakula tayari." "Maji yamechemka." "Nimechoka."

Mama alinisimulia baadaye huku akicheka, ila alipofika kwenye sababu, kicheko kiliisha. Kadi yake ya benki inakaa kwenye pochi ya mumewe tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Si kwamba ananyimwa, akiomba, anapewa. Lakini anaomba. Wale vifaranga 11 zilikuwa hesabu zake: wakikua wawe fedha za kuweka kwenye kikoba bila kueleza shilingi imetoka wapi na inakwenda wapi. Baba hakujua. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza kalenda inasema nini.

Kwa maoni yangu Baba alikosea mara mbili, kwa kuchukua bila kuuliza na kwa ule utani. Lakini Mama naye, shosti wangu samahani, mpango wa kuandika kwa penseli kwenye kona ya kalenda si mpango wa watu wawili.

HAUMWI, WALA SI MVIVU

Wengi waliokulia mjini wakimwona kuku wa namna hii wanadhani anaumwa. Wanamnunulia dawa. Wengine wanaona ni uvivu, wanamchinja kabla "hajaharibika". Kumbe ni mwili wake. Akishataga mayai yake 10 hadi 15, na hasa akiyaona yamelundikana kiotani, homoni iitwayo prolaktini inapanda. Ndiyo hiyo hiyo, kina mama, inayoleta maziwa mtoto akizaliwa. Kwa kuku, kazi yake ni kufunga utagaji na kumtia hamu ya kukaa. Manyoya ya kifuani yanapungua ili ngozi ya moto iguse yai moja kwa moja. Anashuka mara moja au mbili kwa siku, dakika 15 au 20, anakula kwa pupa, anakunywa, anatoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu ya kukimbiza majirani, anarudi mbio. Anageuza mayai mara nyingi mchana na usiku. Anakonda. Kilemba chake kinapauka.

Utamtofautishaje na mgonjwa? Kwa macho na hasira. Kuku mgonjwa amejikunyata, mabawa yameshuka, macho yanafumba, ukimshika anakuachia. Anayeatamia macho yako makali na vita anayo. Ukimwona amejikunyata nje ya kiota na anaharisha kijani, hapo acha habari za kuatamia, mtafute afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.

Na kama umefuga wale kuku wa mayai wa kisasa, usisubiri. Wao kuatamia kumeondolewa kwenye damu yao kwa vizazi vingi vya kuchagua wale wasiolala. Ndiyo maana kuku wa kisasa anakaribia mayai 300 kwa mwaka, wakati wa kwetu wa kienyeji anazunguka 40 hadi 60. Hesabu iko wazi: wiki mbili au tatu za kutaga, siku 21 za kulalia, miezi miwili au mitatu ya kulea, mwaka umekatika mara tatu hivi. Kwa upande wa mayai huyu wa kienyeji ni hasara. Kwa upande wa vifaranga, ni mashine isiyohitaji umeme.

Maneno hayo ya mashine siyasemi kwa utani. Wamisri wa kale walijenga matanuri makubwa ya matofali ya udongo na kutotolesha mayai kwa maelfu, na watu walikaa humo ndani wakipima joto kwa kuweka yai kwenye kope ya jicho. Leo kuna mashine za kutotolesha mpaka za mayai 50 za kuweka sebuleni. Lakini umeme ukikatika usiku mzima siku ya 17, na ukungu wa Juni uko nje, utamkumbuka kuku wako. Yeye anajua joto la nyuzi 37 na nusu bila kusoma popote.

MUULIZANE KABLA HAJALALA

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana wanandoa wengi wanafika kwenye kiota wakiwa tayari wamechelewa. Kuku akishaanza kuatamia hana kikao. Wenye kikao ni nyie.

Swali lenyewe ni fupi: tunafuga kwa ajili ya mayai au kwa ajili ya kuku? Ukimuuliza mume peke yake na mke peke yake utashangaa jinsi majibu yanavyopishana. Mmoja alidhani kuku wale ni kifungua kinywa, mwingine alidhani ni akiba. Wote wako sahihi, ila yai moja haliwezi kuliwa na kuanguliwa. Kaeni jioni moja, televisheni imezimwa, mkubaliane ni mtetea yupi ataruhusiwa kulala safari hii na nani ataendelea kutaga. Penye mitetea sita, wawili wakilala na wanne wakataga, meza haikosi yai na uani hapakosi kifaranga. Nyumba ile ya yai la siku ya 16 sasa inafanya hivyo, na kalenda imehamia jikoni, imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Mwezi nao ni wa kujadiliwa, na kwetu Rungwe hili ni gumu kuliko kwa watu wa pwani. Kuku wa kienyeji anachukua miezi sita hivi kufika ukubwa wa kuuzika vizuri. Ukitaka kuuza Krismasi, vifaranga wawe wameanguliwa Juni, yaani kwenye baridi kali kabisa na ukungu. Ukiwaangulisha Septemba wanakua kwa raha, jua lipo, ila wataingia sokoni Machi au Aprili, wakati mvua zimefunga njia na mifuko ya watu imekauka. Mimi ningechukua Septemba. Kifaranga aliyekufa kwa baridi hauziki Krismasi yoyote. Lakini najua wanaochukua Juni na wanafaulu, kwa sababu mabanda yao ni makavu na mama kuku wao ni wakubwa wa mwili.

MKIKUBALI AATAMIE

Usimwache alale popote alipopenda. Kuku wa kienyeji anaweza kuchagua stoo ya kuni, kichaka cha migomba, au kama nilivyoona nyumba moja, sanduku la nguo chumba cha wageni, juu ya suti ya harusi. Mhamishe usiku, taratibu, akiwa na usingizi. Andaa karai pana au boksi gumu, weka udongo kidogo chini ulioshindiliwa mfano wa sahani, juu yake majani makavu ya migomba au nyasi. Kiinue juu ya sakafu kwa matofali mawili, kwa maana saruji ya Tukuyu usiku inanyonya joto kama barafu. Mvua isirushe maji humo.

Mayai ya kumwekea yasizidi siku saba mpaka kumi tangu yatagwe, yawe yametunzwa mahali pa ubaridi wa kawaida ncha ikiangalia chini, yasiwe yamekaa kwenye friji, na yasioshwe. Yaliyooshwa yanapoteza utando wake na vijidudu vinaingia. Pwani watu wanamwekea kuku mmoja hadi 13, lakini huku kwenye baridi mimi naona tisa au kumi na moja yanatosha. Ya pembeni yakipoa anayageuza ndani, na yale yaliyokuwa ndani yanatoka nje kupoa, mwisho wote wanakosa. Yaweke yote siku moja, yaandike alama kwa penseli, ili mwenzake akija kutaga juu yake ulijue yai jipya na ulitoe.

Na jamani, jogoo. Nimeshaulizwa zaidi ya mara moja kwa nini mayai ya trei ya dukani hayaanguliwi. Hayana jogoo! Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi. Kama hamna, azimeni mayai kwa jirani mwenye naye, mpatane atapewa kifaranga.

Adui mkubwa wa kiota ni utitiri, vile vidudu vidogo vyekundu vinavyomnyonya usiku mpaka anaona bora ayaache mayai. Kabla ya kumweka, choma matandiko ya zamani, paka majivu kwenye pembe zote, na wengi hutandika majani makavu ya tumbaku chini ya nyasi. Kisha mpe pa kuogea vumbi. Jambo hili linasahaulika sana huku kwetu, kwa sababu miezi mingi hakuna vumbi nje, ni tope tu. Karai la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu, likae chini ya paa, ndilo bafu lake. Maji na mahindi au mtama viwe karibu, lakini visigusane na kiota.

Siku ya saba, usiku, chukua tochi ya simu na kipande cha karatasi ngumu chenye tundu. Pima yai moja moja. Ukiona mishipa myembamba kama utando wa buibui, humo mna mtu. Likiwa jeupe tupu, toa. Rudia siku ya 14. Hapo lenye uhai limejaa giza isipokuwa nafasi ya hewa upande mnene, na lililokufa mara nyingi linaonyesha mviringo wa damu au linachezacheza kama maji. Kazi hii fanyeni wawili, mmoja anashika kuku, mwingine tochi. Nawaambia ukweli, kuna wanandoa hawajawahi kukaa gizani wakinong'ona namna hiyo tangu fungate.

Kuanzia siku ya 18 msiguse tena. Siku ya 21 mtasikia sauti ndani ya maganda. Kifaranga akichelewa kutoka, msimsaidie kubandua. Damu bado iko kwenye utando na mtamtoa jeraha. Subirini siku moja zaidi, mbili kwa baridi ya huku.

MKIKATAA

Kuna wakati jibu ni hapana. Jogoo hakuna, safari ipo, au kuku amelalia kiota kitupu kwa wiki tatu na anaishia kukonda bure. Kumwacha hivyo si huruma.

Majirani watakupa dawa zao. Mchovye kwenye ndoo ya maji. Mfunge mguu. Mnyime chakula. Mchomeke unyoya puani asipate raha ya kukaa. Ya unyoya na ya njaa ni ukatili tu, sina lugha nyingine. Ya maji, kwa hali ya hewa ya Tukuyu, ni kumtafutia nimonia. Manyoya ya kuku aliyelowa mpaka ngozini hayakauki upesi kwenye ukungu. Na wala hayafanyi kazi kuliko njia ya upole.

Njia ya upole ni hii. Kinachomshikilia ni lile joto la chini ya tumbo, hivyo mwondolee joto. Chukua tenga au kizimba chenye sakafu ya wavu au fito zilizoachana, kiinue juu ya matofali hewa ipite chini, kiwe mahali penye mwanga, pasipo upepo wa moja kwa moja wala mvua. Ndani usiweke nyasi hata kidogo. Mwekee chakula na maji ya kutosha. Siku tatu, nne, mkaidi kabisa sita. Mfungulie asubuhi umwangalie: akienda kuchakura na wenzake, amepona, akikimbilia kiotani, mrudishe. Ukimuwahi siku ya kwanza au ya pili anaachia haraka, ukimchelewesha wiki mbili inakuwa vita. Baada ya hapo mpe wiki moja mpaka tatu, atataga tena.

Dawa bora kuliko zote ni kukusanya mayai kila siku ili asione lundo. Kuku hahesabu, lakini tumbo lake linajua.

Kuna pia njia ya katikati, na vijana wengi wa mjini wanaipenda. Kuku akiwa ameshalala wiki mbili tatu, nunua vifaranga wa siku moja, hata wawe chotara, uwaingize chini yake usiku na kutoa mayai. Asubuhi anaamka mama. Wengi hukubali, wachache huwadonoa, kwa hiyo amka mapema uangalie. Atalalia hata mayai ya bata kwa siku 28, au bata mzinga kwa idadi hiyo hiyo, ila usije ukalaumu mtu siku watoto wa bata watakapoingia kwenye dimbwi na mama yao anapiga kelele ukingoni kama aliyefiwa.

UTANI WA BANDANI

Niseme na hili, maana limeniumiza nikilisikia kwenye sherehe za watu. Mke amekaa miaka mitatu hajapata mtoto. Wifi au mama mkwe anapita uani, anamwona kuku amelala, anasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Eti, hata kuku wa hapa wanajua kuatamia." Watu wanacheka. Mume naye anacheka, kidogo, ili asionekane amekasirika mbele ya wazazi.

Bwana, hapo usicheke. Hakuna daktari wala mganga anayejua kwa kumtazama mke wako uani kama tatizo ni lake, ni lako, ni la wote au ni la muda tu. Kupima ni kwa wawili. Wifi akileta utani huo, mume ndiye wa kujibu, na jibu la heshima lipo: "Dada, hayo ni ya chumbani kwetu." Mkeo akijibu mwenyewe ataitwa hana adabu. Ukijibu wewe, yameisha.

KUKU WA NANI?

Turudi kwenye kadi ya benki. Wengi tumelelewa tukijua ng'ombe ni wa baba na kuku ni wa mama. Kuku watatu hawamsumbui mtu. Wakifika thelathini, wakaanza kununuliwa na wenye hoteli, ghafla baba anajua bei ya mahindi na anataka kujua fedha imewekwa wapi. Nimeliona kwa wasomi wenye shahada, wala si mambo ya kijijini.

Sisemi kila mtu awe na banda lake na kufuli lake. Nyumba nyingine zinaweka fedha yote chungu kimoja na zinaishi vizuri. Ila fedha ambayo mtu anaipata kwa jasho lake na hana haja ya kuiomba ina heshima yake, na mke aliyeajiriwa ambaye anaomba mshahara wake mwenyewe atautafuta uhuru huo mahali pengine. Afadhali autafute bandani. Yule Mama wa hapa Bagamoyo sasa kuku ni wake kwa makubaliano ya maneno, mbele ya mume, na mume akitaka kumchinjia shemeji ananunua kwa mkewe kwa bei ya jirani. Mwanzoni alicheka, sasa analipa. Kadi bado wanaijadili.

WAKISHATOTOLEWA

Kifaranga anatoka na akiba ya kiini tumboni, siku ya kwanza hana haraka ya kula. Mpe maji safi kwenye chombo cha kina kifupi, asizame. Mama mwenye vifaranga umfungie kwenye tenga kubwa wiki mbili za kwanza, kwa sababu kwenye ufugaji wa kuachia si ajabu nusu ya vifaranga wasifike miezi miwili. Mvua inawachukua, mwewe anawachukua, paka wa jirani anawachukua. Dua la kuku halimpati mwewe, kwa hiyo weka wavu.

Usiku wa baridi wengi wanaingiza jiko la mkaa kwenye banda lililofungwa. Usifanye hivyo, na chumbani kwenu ndiyo kabisa. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Mama kuku anatosha. Kama hana nafasi kwa wote, panga mapema mitetea wawili walale siku moja: anayetangulia muwekee mayai ya plastiki au mipira ya tenisi ya mezani mpaka mwenzake naye alale, ndipo muwabadilishie wote usiku mmoja. Vifaranga wakitoka pamoja mnaweza kumpa mmoja awalee wengi kadiri mabawa yanavyofunika, yule mwingine akarudi kutaga.

Kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, ndiyo inayomaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo inayovumilia joto hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mama akichanjwa wiki chache kabla ya kutaga mayai ya kulalia, anawapa vifaranga kinga ya mwanzo. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wenu, hivyo changeni na majirani, mchague Jumamosi moja, mtaa mzima uchanje. Ukiwa na swali gumu zaidi, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, ina kituo Uyole, unakipita ukienda Mbeya.

Mkitaka mayai yarudi mezani mapema, vifaranga watenganishwe na mama wakiwa na wiki nne hivi, banda lao liwe na joto, na mama apelekwe mbali wasisikiane. Ukimwacha alee mwenyewe, atawafukuza kwa mdomo wake akiona wamekua, miezi miwili au mitatu. Vyovyote mtakavyoamua, kibanda cha pili kijengwe kuku akiwa bado yuko kwenye mayai. Zile siku 21 zinaonekana nyingi, lakini fundi wa hapa akikwambia kesho, jua ni wiki ijayo, na kukinyesha ni mwezi ujao.